Saa nne na nusu siyo saa ya ukutani

Wadogo zangu wauguzi, mbukwenyi.

Kuna siku nilikuwa nafundisha wanafunzi kwenye wadi, nikawaambia kwamba kwa mgonjwa wa kiharusi, dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwenye ubongo, alteplezi, inachomwa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Binti mmoja akaandika, akatulia, kisha akauliza kwa adabu kabisa: "Sista, ni saa nne na nusu ya asubuhi au ya usiku?" Wenzake wakaangua kicheko. Mimi nilinyamaza, kwa sababu swali lile limewahi kumgharimu mgonjwa wangu.

Aliletwa kwa rufaa kutoka kijijini, saa tano kasoro asubuhi, upande wa kulia umelegea wote, maneno hayatoki. Kwenye karatasi ya rufaa mwenzetu aliandika: "Ameanza saa 2." Aliyempokea akasoma 02:00, usiku wa manane. Akahesabu, akapata karibu saa tisa, akasema muda umepita, mgonjwa akaingizwa kwenye foleni ya kawaida. Jioni mke wake alipotulia nikamuuliza. "Mwanangu, si tulikuwa tunakunywa chai! Saa mbili asubuhi." Yaani 08:00. Alipofika kwetu hakuwa hata na saa tatu tangu aanze. Tofauti ya saa ya Kiswahili na saa ya mashine ni saa sita, na dirisha lote la dawa ni saa nne na nusu. Kosa hilo moja linalimeza dirisha zima na chenji inabaki.

Tangu binti yule aulize, darasani sisemi tena "saa nne na nusu". Nasema dakika 270. Na kwenye faili naandika mara mbili: 08:00, kisha mbele yake kwa maneno, saa mbili asubuhi. Anayesoma asibahatishe.

Kwa hiyo nitaanzia hapo kwenye saa, si kwenye maana ya kiharusi. Maana mnaijua: mshipa wa damu wa ubongo umeziba au umepasuka, na sehemu iliyokosa damu inakufa. Mshipa mkubwa ukiziba, ubongo hupoteza wastani wa chembe za neva milioni 1.9 kila dakika. Hayo yatoshe.

Saa unayoitafuta ni ya mwisho ambayo mtu alionekana akiwa mzima. Saa aliyokutwa ameanguka ni kitu kingine kabisa. Ndugu watakujibu "tumemkuta asubuhi", na usipochimba utaandika asubuhi. Chukua mzee aliyelala saa tatu usiku akiwa mzima, saa kumi na moja alfajiri akashindwa kuinuka. Saa yake ni 21:00, hata kama ilimpata dakika tano kabla ya kuamka, kwa sababu hujui. Lakini muulize mama anayelala naye: "Mama, usiku mzee hakutoka nje kujisaidia?" Akisema alitoka saa tisa, akafungua mlango mwenyewe, akamfokea mbwa, basi umepata 03:00, na alfajiri ile ana saa mbili tu. Mbwa yule amemwokoa.

Huku kwetu si kila nyumba ina saa ya ukutani. Uliza kwa mambo wanayoyashika: ng'ombe walikuwa wameshatoka zizini? Adhana ilikuwa imeshapigwa? Watoto walikuwa wameenda shule? Kama mgonjwa ana simu, omba ndugu aifungue muone simu ya mwisho aliyopiga mwenyewe, au ujumbe wa hela aliotuma. Mtu aliyeingiza namba ya siri bila kukosea saa 12:40 mchana, mkono wake ulikuwa unafanya kazi saa hiyo. Ila kumbuka simu inasema 12:40 ya mashine, ambayo mama nyumbani anaiita saa sita na dakika arobaini.

Sasa mgonjwa mwenyewe. Uso, mkono, usemi. Mwambie acheke hadi meno yaonekane, utazame pembe ya mdomo ipi imebaki chini. Mwambie ainue mikono yote miwili mbele, viganja juu, afumbe macho, uhesabu taratibu hadi kumi. Unaoshuka au kugeuka ndio wenye shida. Kisha arudie sentensi fupi. Zamani nilikuwa nawapa "Nimepanda daladala ya Ng'ong'ona", nikidhani nina kipimo kikali, mpaka siku nilipogundua nusu ya wageni walioletwa Dodoma na ajira hawawezi kuitamka wakiwa wazima. Siku hizi nawapa "Leo nimeenda sokoni kununua karanga."

Na hapo kuna mtego mwingine. Bibi aliyekulia vijijini Chamwino, ambaye Kiswahili chake ni cha mnadani tu, ukimwamuru kwa Kiswahili cha darasani atakutazama. Utaandika "hazungumzi, haelewi", kumbe ni wewe ambaye huzungumzi Kigogo. Mwite mjukuu wake aulize. Kama bibi anamjibu mjukuu kwa maneno yaliyonyooka, usemi uko sawa. Kama anamjibu maneno mengi ambayo hata mjukuu anashangaa, hiyo ni dalili.

Wapo wasiopinda mdomo wala kulegea mkono. Ghafla haoni upande mmoja, ghafla dunia inazunguka na hawezi kusimama, ghafla kichwa kinauma kuliko siku zote za maisha yake na anatapika. Huyu wa kuyumba ndiye tunayemkosea zaidi, hasa akiletwa kutoka kilabuni. Mtu kunukia wanzuki hakumzuii kupata kiharusi. Neno la kushika ni "ghafla".

Kuna pia kinachopita. Mkono umekufa ganzi dakika kumi, ukarudi, familia ikasema ni upepo ulimpitia. Huyo usimruhusu arudi nyumbani kwa furaha. Hatari ya kiharusi kamili ni kubwa kuliko yote katika siku mbili tatu zinazofuata, na hapo bado kuna kitu cha kuokoa.

Kabla hujapiga simu kwa yeyote, toboa kidole. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu ni jambo la dakika moja na linarukwa. Nilipokea mama mmoja kutoka upande wa Kondoa mwezi wa Ramadhani, mgonjwa wa sukari anayemeza glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari, na amefunga. Mkono wa kushoto umelala, mdomo umepinda, ndugu wameshaanza kulia. Sukari milimoli 1.9 kwa lita. Tukampa dekstrosi ya asilimia 50, mililita 50 kwenye mshipa, polepole. Sijamaliza kufungua plasta akauliza nani amemvua ushungi. Sukari iliyoshuka huiga kiharusi vizuri kuliko mwigizaji yeyote. Ikiwa chini ya 3.3, irudishe kwanza, ndipo umpime tena. Ikiwa haijashuka, dripu yake iwe ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9, usimtundikie ya sukari.

Waigizaji wengine wapo, kama aliyetoka kwenye degedege la kifafa, au mwenye neva ya uso iliyopooza. Huyo wa neva mwambie akunje paji la uso. Wa kiharusi kwa kawaida paji linakunjamana pande zote mbili, ni mdomo tu uliopinda. Wa neva upande mzima umelala pamoja na paji, na jicho halifumbi. Lakini ukiwa na shaka, mhesabu kuwa kiharusi, wengine watakuja kubishana baadaye.

Sasa nije kwenye presha, na hapa sina budi kusema langu. Miaka yangu ya mwanzo, kwenye wadi ambayo siitaji, tulikuwa tunaona 210 kwa 115, tunachukua kidonge cha nifedipini, tunakitoboa kwa sindano, tunamdondoshea mgonjwa chini ya ulimi. Presha ikishuka tunaandika kwa fahari. Nilimfanyia hivyo baba mmoja ambaye asubuhi alikuwa anainua mguu wake mbovu mwenyewe. Mchana presha ilikuwa 130 kwa 70. Jioni mguu haukuinuka tena, wala siku iliyofuata. Sikuelewa nilichofanya mpaka miaka mingi baadaye, semina, mkufunzi akachora mshipa ulioziba na kueleza kwamba damu inayopita pembeni kuulisha ubongo unaoponea chupuchupu inasukumwa na presha hiyo hiyo tunayoikimbilia kuishusha. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Basi shika hivi. Kiharusi cha kuziba, kama hapewi dawa ya kuyeyusha bonge, presha inaachwa isipokuwa imevuka 220 kwa 120, na hata ikivuka inashushwa kidogo kidogo, kama asilimia 15 kwa siku nzima ya kwanza. Kama atapewa dawa hiyo, lazima iwe chini ya 185 kwa 110 kabla ya kuchomwa. Kiharusi cha kuvuja damu ni kinyume: daktari atataka namba ya juu iteremshwe karibu na 140, mapema. Na wewe kwa macho huwezi kujua ni kipi. Kutapika, kichwa kuuma na fahamu kupotea haraka vinaelekeza kwenye kuvuja, lakini havithibitishi. Ni CT skani pekee, mashine ya kupiga picha ya ndani ya ubongo, inayotenganisha. Ndiyo maana kabla ya picha hakuna nifedipini chini ya ulimi, na hakuna aspirini, hata kama mganga mfawidhi amezoea kuitoa. Mjamzito au aliyejifungua karibuni mwenye presha na degedege ni habari nyingine, huyo fuata njia ya kifafa cha mimba bila kusubiri.

Miaka ya karibuni hospitali za rufaa za mikoa zimeanza kufungiwa CT skani, na hapa Dodoma hospitali ya Benjamin Mkapa inayo, na ya MRI pia. Lakini kutoka Kondoa mjini hadi huku ni zaidi ya kilomita 150, na mgonjwa wako hakuanguka Kondoa mjini, kaanguka kijijini kwake. Hivyo piga simu kabla gari halijawaka. Sema: kiharusi, mara ya mwisho mzima 08:00, sukari 6.4, presha 190 kwa 105 mkono mzima, fahamu 13 kati ya 15 kwa kipimo cha Glasgow, tunatoka sasa. Uliza kama mashine inafanya kazi leo na kama dawa ya kuyeyusha ipo, kwa sababu hospitali nyingi hazina. Usikate tamaa ukijibiwa haipo, mgonjwa bado anahitaji picha. Kanyula, ule mrija wa dripu, iwekwe mkono usiopooza. Oksijeni apewe tu ikiwa kipimo cha oksijeni kwenye damu kiko chini ya asilimia 94. Akitapika au fahamu zikiwa chini, alale ubavu. Sindano za kwenye msuli usimchome. Ndugu aliyemwona mara ya mwisho ndiye apande gari, asipande yule mwenye sauti kubwa, na abebe mfuko wa dawa zote za nyumbani. Kama kuna warfarini humo, dawa ya kuzuia damu kuganda, hilo linabadilisha kila kitu.

Kuna watakaotaka kupita kwanza kwa mtaalamu wa kienyeji au kwenye maombi. Sibishani nao. Nawaambia, "Baba, maombi tuyafanye njiani, gari lina nafasi." Mara nyingi inatosha.

Mgonjwa akishafika wadini, kazi kubwa ni yako kuliko ya daktari, na hili si la kujipa moyo. Australia waliijaribu kwenye wadi 19 za kiharusi za jimbo la New South Wales, matokeo yakatoka 2011: wauguzi walifundishwa kusimamia mambo matatu tu, homa, sukari na kumeza, kwa saa 72 za mwanzo. Siku 90 baadaye, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 42, na kwenye zile kati ya hizo 19 ambazo wauguzi wake hawakufundishwa hivyo, asilimia 58. Hakuna dawa mpya wala mashine hapo.

Homa: pima kila baada ya saa nne, ikifika 37.5 toa parasetamoli kama ilivyoandikwa, na utafute chanzo, malaria ikiwemo. Oktoba na Novemba wadi zetu zinachemka, kwa hiyo dirisha na feni pia ni tiba. Sukari: pima mara kwa mara, ikivuka 10 mwambie daktari.

Kumeza ndiko kunakoua kimya kimya. Koo la mgonjwa wa kiharusi linaweza kuwa limepooza hata kama anaongea. Anapaliwa bila kukohoa, uji unaingia kwenye pafu, siku ya tatu ana nimonia. Na mpinzani wako hapa ni upendo. Mama mzazi ametoka Mpwapwa na chupa ya uji wa ulezi, utamwambiaje asimnyweshe mwanawe? Mimi nabandika karatasi juu ya kitanda, herufi kubwa: ASIPEWE KITU MDOMONI, HATA MAJI, HATA DAWA. Halafu namweleza mama, kwa sababu karatasi peke yake haishindi chupa ya uji. Namwonyesha koo langu, namwambia njia mbili ziko jirani na mlango umeharibika. Nampa kazi ya kumlowanisha midomo kwa pamba. Mzazi akiwa na kazi hatanyweshea kificho.

Kumpima: mgonjwa awe macho, aketi wima kabisa, aweze kukohoa ukimwambia. Kijiko cha chai cha maji. Weka vidole kwenye koromeo usikie likipanda. Subiri. Mwambie aseme "aaa". Rudia vijiko vitatu. Akikohoa, sauti ikiwa na majimaji, maji yakichuruzika pembeni mwa mdomo, au akihema kwa taabu, acha hapo hapo na umjulishe daktari, huenda akahitaji mpira wa puani. Akipita, mpe mililita 50 kwenye kikombe, anywe kidogo kidogo. Akipita hapo pia, anza na kilaini kama uji mzito, ukiwa umekaa naye. Mlenda wa huku kwetu unateleza kwa utamu wake, lakini kwa mgonjwa huyu nauchelewesha, unaingia kooni haraka kuliko anavyojiandaa.

Mengine niyataje mbiombio. Mgeuze kila saa mbili, na ukisema saa mbili kwenye zamu hakikisha mwenzako ameelewa. Mkono uliopooza ukae juu ya mto, usipimiwe presha, usivutwe kamwe. Usimwinue mgonjwa kwa kumshika makwapani. Bega lile halina msuli wa kulishikilia, litachomoka na litamuuma miezi. Mpira wa mkojo usiuweke kwa urahisi wako. Kumkalisha na kumsimamisha kuanze mapema, ila si kwa pupa ndani ya siku ya kwanza. Na ndugu wakileta beseni la maji ya moto kumkanda, onjeni kwa kiwiko chenu kwanza. Nimefunga vidonda vya moto kwenye mguu ambao mwenyewe hakusikia unaungua.

Kinga kwa sehemu kubwa ni presha. Utafiti uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006, ukilinganishwa kwa umri, ulikuta wagonjwa wapya wa kiharusi kwa mwaka takriban 109 kwa kila watu 100,000 kule Hai, na takriban 316 Dar. Mji una mambo yake, na Dodoma inakuwa mji mbele ya macho yetu. Kila mtu mzima anayepita mlangoni kwako, hata kama kaja na jino, mpime. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi siku tofauti, anaingia kliniki. Shika pia mapigo ya mkononi dakika nzima. Yasiyo na mpangilio yanataka kipimo cha moyo, kwa maana bonge hutokea huko. Binti anayeomba vidonge vya majira vyenye homoni mbili, presha kwanza. Mtoto wa selimundu aliyeanza kuvuta mguu, usimwite mvivu, anaweza kuwa amepata kiharusi akiwa darasa la pili.

Kuhusu chumvi, WHO wanasema isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu. Wazee wetu watakuambia hawali chumvi nyingi, na ni kweli, ugali wa uwele hauna. Uliza magadi. Yanayowekwa kwenye mlenda ulainike ni sodiamu ile ile, na hakuna anayeyahesabu kuwa chumvi. Ugoro na sigara uliza pia, bila uso wa polisi.

Mgonjwa wangu wa presha akirudi kliniki simuulizi kama anameza dawa, maana jibu nalijua. Namwomba pakiti, nahesabu vidonge. Vikibaki vingi namuuliza vimebakije. Wengi waliacha kwa kuwa walipimwa wakaambiwa presha iko sawa, wakadhani wamepona. Wengine wamemgawia jirani.

Anayeruhusiwa kwenda nyumbani baada ya kiharusi nakaa naye na mkewe au mwanawe. Wananionyesha wao wenyewe jinsi ya kumhamisha kitandani hadi kwenye kiti, mimi natazama tu. Kisha nauliza: ikitokea tena saa nane usiku, gari la nani? Wakisema la jirani, nauliza jirani yupi, namba yake iko kwenye simu ya nani, na ameshaambiwa? Kama ni bodaboda nakataa, mgonjwa mlegevu hakai nyuma ya pikipiki. Safari iliyopita kijana wa familia moja alitoka nje ya wadi akampigia mwenye Noah wa kijijini kwao palepale, wakapatana bei, akarudi akaniambia limekubalika ila mwenye gari anataka kujua mafuta atalipa nani. Shangazi akatoa noti kwenye kanga.